UZI: Nizime hita saa za kilele au niiache? Pima kwanza nyumba yako inapoa kwa kasi gani

#1 Moto wa Polepole (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu. Kila baridi ikiingia swali ni lilelile: saa za kilele, yaani zile ambazo watu wengi wanatumia umeme kwa pamoja, nizime hita au niiache iwake? Majibu nayo ni ya mkato. Mmoja anasema zima, mwingine anasema ukizima utalipa mara mbili wakati wa kuwasha, wa tatu anakuelekeza kifaa cha kununua. Nimehangaika na jambo hili nyumbani kwangu misimu mitatu, na ninachoweza kusema bila kuyumba ni hiki: hakuna anayeweza kukujibu kabla hujajua nyumba yako inapoa kwa kasi gani. Pima hilo kwanza, mengine yafuate.

Wazo lenyewe ni jepesi. Taa ukiizima, giza linaingia papo hapo. Hita ukiizima, kuta, sakafu, samani na maji ya kwenye tangi bado vimebeba joto, na vinalitoa taratibu. Kwa hiyo umeme wa kupasha joto si lazima uingie dakika ileile unayosikia baridi. Waweza kuingia mapema, gridi (mtandao wa umeme) ikiwa imetulia, ukakaa ukutani au tangini kama joto, ukatumika baadaye. Nyumba inakuwa ghala. Ila kila ghala lina ukubwa wake, na kila ghala linavuja.

Kwa nini tujisumbue? Tazameni Ufaransa, ambako nyumba nyingi sana zinapashwa joto kwa umeme. Wakati wa baridi, kila nyuzi moja inayoshuka nje huongeza mahitaji ya nchi nzima kwa takriban megawati 2,400. Nyuzi moja tu. Tarehe 8 Februari 2012, katikati ya wimbi la baridi kali, matumizi yao yalipita megawati 102,000, na kilele chenyewe kiligonga saa 1 usiku: watu wametoka kazini, majiko yamewaka, hita zimewaka. Mitambo inayohitajika kwa saa chache kama hizo inabidi ijengwe na itunzwe mwaka mzima, na mara nyingi ndiyo yenye gharama kubwa na moshi mwingi. Tukisogeza sehemu ya joto hilo kwa saa mbili tu, baadhi ya mitambo hiyo haina haja ya kuwashwa.

Sasa nilivyopima. Usiku mmoja nje ilikuwa nyuzi 1 na haikubadilika sana hadi asubuhi. Ndani nilikuwa na nyuzi 21. Saa 4 usiku nikazima kila kinachopasha nyumba. Kipimajoto nilikiweka katikati ya sebule, mbali na dirisha, mbali na ukuta wa nje, kwenye kimo cha kifua cha mtu aliyeketi. Nikawa naandika kwenye daftari:

Saa 4 usiku: 21.0
Saa 5 usiku: 20.1
Saa 7 usiku: 19.4
Saa 12 asubuhi: 17.8

Namba hizi zinataka zisomwe polepole. Saa ya kwanza peke yake imenila karibu nyuzi nzima. Saa saba zilizofuata zimenila nyuzi 2.3 kwa jumla, yaani kama thuluthi ya nyuzi kwa kila saa. Mwanzoni ni hewa inayopoa, na hewa ni nyepesi, haina akiba. Ikishapoa kidogo, kuta na sakafu zinaanza kuirudishia joto, na mteremko unalala. Mtu akizima hita, akaona nyuzi moja imeyeyuka ndani ya saa moja, akaingiwa na hofu na kuwasha tena, huyo amepima hewa. Nyumba hajaipima bado.

Nyumba yangu ni ya matofali mazito. Dada yangu anakaa kwenye nyumba ya mbao, nyepesi, madirisha yanapitisha upepo. Tulipima baridi ileile: saa tatu zilimtosha kushuka nyuzi tatu na nusu. Mimi saa tatu za kilele naweza kuzivuka bila mtu kuulizia blanketi. Yeye hawezi, na kumwambia "zima hita usaidie gridi" ni kumtesa bure. Kwake kazi ya kwanza ni kuziba mianya ya milango na madirisha.

Leteni vipimo vyenu na maswali. Andikeni na joto la nje, bila hilo namba haina maana.

#2 Mama Pacha

Asante kwa uzi huu. Nina watoto wachanga wawili, miezi mitano. Naomba kujua, chumba chao kinaweza kuachwa kishuke mpaka wapi? Pia baba yao amenunua ile taima ya kuchomeka kwenye soketi, anataka aiunganishe na hita ya feni ya wati 2,000 iwe inawaka yenyewe saa 11 alfajiri kabla hatujaamka.

#3 Moto wa Polepole

Mama Pacha, hongera kwa malaika wawili.

Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa makazi na afya wa mwaka 2018, limeweka nyuzi 18 kuwa kiwango cha chini kilicho salama ndani ya nyumba kwa watu kwa ujumla, na likasema watoto, wazee na wenye maradhi ya kudumu huenda wakahitaji zaidi ya hapo. Kwa hiyo chumba cha watoto wako kiondoe kabisa kwenye mchezo huu. Kiwe na hita yake na thamostati yake (kidhibiti joto), isiguswe. Ukitaka kuhamisha saa, hamisha sebule, ukumbi, na hasa maji ya moto.

Taima na hita ya feni: nakuomba sana, msifanye. Wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 ni karibu ampea 9, saa nzima mfululizo. Taima nyingi za kuchomeka zina vibao vidogo vya kuunganisha umeme ndani, vinavyochoka kila vinapofungua na kufunga mzigo mkubwa. Yangu ya kwanza niliichomoa asubuhi moja baada ya kunusa plastiki: plagi ilikuwa na doa la kahawia kuzunguka mguu mmoja, na ule mguu ulikuwa wa moto kiasi cha kutogusika. Zaidi ya hapo, hita ya kuhamishika inayojiwasha yenyewe mkiwa mmelala haijui kama usiku nepi au pazia limeiangukia. Hita za namna hiyo ziwashwe na mtu aliye macho, chumbani.

#4 Fundi Nyaya

Nakazia hilo la mkuu hapo juu. Mzigo wa hita ukitaka kuufungulia na kuufunga kwa ratiba, weka kontakta (swichi nzito inayoamriwa na umeme mdogo) kwenye boksi la umeme, yenye uwezo unaozidi mzigo wako. Taima inaamuru kontakta, kontakta ndiyo inabeba ampea. Na hita iwe ya kufungwa ukutani, yenye thamostati na ulinzi wa joto kupita kiasi.

Lakini mnaongea kuta tu wakati ghala rahisi kuliko yote liko bafuni. Tangi la maji! Pigeni hesabu pamoja nami. Kupandisha lita 1 ya maji kwa nyuzi 1 kunataka wati-saa 1.16. Tangi la lita 150 kutoka nyuzi 20 hadi 60 ni kupanda nyuzi 40: unapata karibu uniti 7 (uniti moja ni wati-saa 1,000). Elementi ya kilowati 3 inaimaliza kazi hiyo kwa saa mbili na dakika ishirini. Tangi lililofungwa vizuri kihami joto halipotezi zaidi ya uniti moja au mbili kwa siku nzima. Maana yake waweza kulijaza joto usiku wa manane au mchana wa jua, ukaoga jioni, na elementi haikuwaka hata dakika moja saa za kilele. Hakuna atakayesikia baridi. Kuta zinakupa saa chache, tangi linakupa siku.

Tahadhari mbili, na hizi nasema kwa ukali kidogo kwa sababu nakutana nazo kazini. Ya kwanza: usishushe joto la tangi ili kubana matumizi ukaliacha linakaa nyuzi 35 au 40. Bakteria wa Legionella huzaliana kwenye maji yaliyo kati ya nyuzi 20 na 45, na ugonjwa wanaouleta mapafuni unaua. Maji yahifadhiwe nyuzi 60. Kwa kuwa nyuzi 60 zinaunguza ngozi ndani ya sekunde chache, funga vali ya kuchanganya kwenye bomba linalotoka, ili bafuni yafike yakiwa salama. Ya pili: taima haichukui nafasi ya thamostati ya tangi. Nimefungua tangi moja nikakuta mtu ameunganisha waya moja kwa moja akairuka thamostati, eti "taima inatosha". Vali ya kupunguza presha ilikuwa imeshika kutu. Lile lilikuwa bomu limening'inia juu ya kichwa cha mtu anayeoga.

#5 Mpangaji Ghorofa ya Tano

Wakuu, mimi nimepanga, siwezi kubadilisha chochote ukutani. Nina hita za paneli za umeme. Nimeona tangazo la hita mpya "inayookoa nusu ya umeme". Ninunue?

#6 Moto wa Polepole

Mkuu, kila hita ya elementi, iwe ya paneli, ya mafuta, ya feni au ya "kauri maalumu", inageuza umeme wote inaovuta kuwa joto. Uniti moja ikiingia, uniti moja ya joto inatoka. Hakuna inayoweza kutoa zaidi, hivyo hakuna inayookoa nusu kwa kutoa joto lilelile. Tofauti iko kwenye thamostati na mahali joto linapoelekezwa. Kinachotoa zaidi ya kinachoingia ni pampu ya joto peke yake, maana yenyewe inalihamisha joto kutoka nje kuliingiza ndani.

Wewe wa ghorofa una bahati: umezungukwa na majirani juu, chini na pembeni, ukuta wako wa nje pengine ni mmoja tu. Pima. Sitashangaa ukipata mteremko mpole kuliko wangu.

#7 Zamu ya Usiku

Nafanya kazi chumba cha kuongozea gridi, kwa hiyo niruhusuni nieleze upande ambao mtu wa nyumbani haoni. Mnazungumza sana kuhusu kuzima. Kinachotunyima usingizi sisi ni kuwasha.

Nyumba 1,000 zenye hita za maji za kilowati 3 hazivuti kilowati 3,000. Kwa dakika yoyote ile, tuseme 150 ndizo zinazowaka, kwa sababu watu wanapishana: huyu ameoga sasa hivi, yule alioga asubuhi, mwingine amesafiri. Unaona kilowati 450. Sasa zima zote saa 12 jioni, zifungulie zote saa 2 usiku kamili. Katika saa hizo mbili watu wameoga, wameosha vyombo, matangi yamepoa. Tuseme 700 yanadai joto kwa pamoja. Hizo ni kilowati 2,100 ndani ya sekunde moja, kwenye transfoma ileile. Ulitaka kuondoa kilele cha saa 1 usiku, umetengeneza kingine saa 2, kikubwa zaidi, na chenye ncha kali. Kule kupishana kwa watu ndiko kulikokuwa kunatulinda, nawe umekufuta kwa ratiba moja.

Ndiyo maana nawasihi wote mnaoweka taima: usiweke saa 2 kamili. Weka saa 2 na dakika 13. Jirani yako aweke saa 2 na dakika 38. Saa kamili ndiyo saa ya kila mtu. Kwa upande wa vifaa, dawa ni kusubiri kwa kubahatisha: amri ikija, kila kifaa kinachagua chenyewe dakika za kungoja. Kanuni za Uingereza za mwaka 2021 kuhusu chaja za magari ya umeme zinadai jambo hilohilo, kifaa kisubiri muda wa kubahatisha hadi dakika 10. Hita zinalihitaji vilevile.

Na nizungumzie jimbo la Texas, Marekani, maana tukio lile halinitoki akilini. Februari 2021, baridi kali isiyo ya kawaida, na zaidi ya nusu ya nyumba za huko zinapashwa joto kwa umeme. Mitambo ya kuzalisha ikaanza kuanguka, mingi ikiwa ya gesi, wakati huohuo kila hita inawaka. Gridi yao inatakiwa kwenda kwa hezi 60, yaani mapigo 60 ya umeme kwa sekunde; matumizi yakizidi uzalishaji, namba hiyo inashuka. Usiku wa kuamkia tarehe 15 ilishuka hadi karibu 59.3, ikakaa chini ya 59.4 kwa dakika 4 na sekunde 23. Ingefikisha dakika 9 mitambo mingine ingejitoa yenyewe kujilinda, na gridi nzima ingelala. Waendeshaji walikata umeme wa mitaa mizima, hadi megawati 20,000. Walikusudia wakate kwa mzunguko, saa chache huku, saa chache kule, ila mzunguko haukuwezekana. Kuna waliokaa siku kadhaa gizani kwenye nyumba zinazovuja joto. Waliokufa kwa hesabu rasmi ya jimbo walizidi 240, wengi kwa baridi.

Najiweka kwenye kiti cha yule aliyekuwa zamu. Mkononi ana swichi za mitaa tu. Akikata mtaa, anakata hita, taa, simu, friji na mashine ya oksijeni ya mgonjwa kwa pamoja. Laiti angeweza kugusa hita peke yake, akapunguza kila nyumba nyuzi mbili na kuacha taa ziwake, angekuwa na jambo la kufanya mapema zaidi. Hilo ndilo ninalolitaka mimi kutokana na mjadala huu wote: njia ya kupunguza kidogo kwa wengi, ili tusifike mahali pa kumkatia mmoja kila kitu.

#8 Mlango wa Nyuma

Heshima kwako Zamu ya Usiku, lakini mimi napinga. Hita ni yangu, nyumba ni yangu. Kwa nini mtu nisiyemjua, akiwa kilomita mia kutoka hapa, apunguze joto langu wakati mama yangu ana miaka 81 na anatetemeka? Leo nyuzi mbili, kesho tano. Mkiruhusu mlango ufunguliwe, haufungwi tena.

#9 Moto wa Polepole

Mlango wa Nyuma, hofu yako ni ya haki na siipuuzi. Mimi mwenyewe nisingekubali bila masharti, na masharti yangu ni haya. Nijulishwe kabla. Kuwe na kiwango cha chini ambacho mfumo hauwezi kukivuka, na kiwango hicho nikiweke mimi. Ukutani kuwe na kitufe cha kukataa, kinachofanya kazi papo hapo bila kupiga simu wala kujieleza. Na nyumba yenye mtu kama mama yetu iwe nje ya mpango mpaka wenyewe waseme wanaingia.

Tena, kupunguza ni tofauti na kukata. Ujerumani, tangu 1 Januari 2024, sheria inawaruhusu wasambazaji kupunguza umeme wa pampu mpya za joto na chaja za magari pale waya za mtaa zinapozidiwa, lakini kifaa lazima kibakiziwe angalau kilowati 4.2. Pampu inapungua sauti, haizimwi. Umeme wa taa na jiko haugusiki.

Wala si jambo jipya. New Zealand wamekuwa wakiongoza hita za maji za majumbani tangu miaka ya 1950. Mawimbi ya masafa ya juu kidogo yanapenyezwa kwenye waya zilezile za umeme, na kirilei kidogo (swichi inayotii ishara) kando ya mita kinayasikia na kufungua au kufunga tangi. Vizazi vimeoga maji ya moto bila kujua kuna kinachofunguliwa na kufungwa. Kama unaogopa kuanza na joto la chumba cha mama, anza na tangi. Hapo wote tunaweza kukubaliana.

#10 Zamu ya Usiku

Naongeza sharti moja, ambalo watu husahau: mawasiliano yakikatika, kifaa kirudi kwa mwenye nyumba. Uingereza walikuwa na mfumo uliobadilisha saa za mita na hita za matofali (zinazohifadhi joto la usiku kwenye matofali ndani yake) kwa ishara iliyobebwa na redio ya masafa marefu ya kilohezi 198. Mfumo ulizeeka, wakaanza kuuzima kwa awamu katikati ya 2025, na ikabidi mita zibadilishwe nyumba kwa nyumba, kwa sababu mita isiyopata ishara inaweza kuiacha hita ikiwaka muda wote au isiwake kabisa. Kwa hiyo ukinunua kifaa chochote kinachoongozwa kwa intaneti, kabla hujakifunga kizimie intaneti makusudi na uone kinafanya nini. Kikikuacha kwenye baridi, kirudishe dukani.

#11 Baridi Haina Huruma

Vipi sisi wa pampu za joto? Nilizima ya kwangu usiku mzima wiki iliyopita, asubuhi uniti zikapanda badala ya kushuka. Nimefanya kosa gani?

#12 Moto wa Polepole

Mkuu, nadhani nalijua kosa hilo kwa sababu nimelifanya msimu mzima.

Niliiacha nyumba ishuke hadi nyuzi 17, kisha saa 12 asubuhi nikaomba 21 kwa mkupuo. Siku moja nikaenda kusimama mbele ya mita. Taa yake nyekundu ambayo kwa kawaida hupepesa kwa utulivu ilikuwa inapepesa mfululizo. Nikasikia kompresa ikinguruma nje, halafu ndani ya kabati kirilei kikalia "tak". Mita ikaonyesha kilowati 8 mahali pa 2. Kumbe ndani ya mtambo kuna elementi ya akiba ya kilowati 6, na aliyenifungia aliipanga ije yenyewe pengo kati ya joto lililopo na joto linaloombwa likizidi nyuzi 2. Kila asubuhi nilikuwa nalipa joto la bei ya elementi, wakati nina pampu inayotoa uniti tatu za joto kwa uniti moja ya umeme. Na nilikuwa nafanya hivyo saa ya kilele cha asubuhi, yaani nilikuwa naiumiza gridi niliyodhani naisaidia.

Nilichobadilisha: sishushi zaidi ya nyuzi 2. Kupanda napanda nusu nyuzi kila nusu saa, nikianza alfajiri mapema. Elementi ya akiba nimeifungia isije mpaka nje ishuke chini ya hasi 10. Na kazi kubwa nimeihamishia alasiri. Kwenye pampu hili lina faida maradufu, kwa sababu alasiri nje kuna joto zaidi kidogo kuliko usiku, na pampu inafanya kazi nyepesi zaidi pengo kati ya nje na maji ya mabomba yanayopasha vyumba (si maji ya kuoga) likiwa dogo. Saa 9 hadi saa 11 jioni napandisha nyumba hadi nyuzi 22, kisha saa za kilele naiacha iteremke yenyewe hadi 20. Maji ya mabomba nayaweka nyuzi 35 hadi 40 tu, nayaacha yazunguke muda mrefu. Ukiyataka 55 ili upashe haraka, ile uniti tatu kwa moja inakukimbia.

Jambo jingine, usiikatie pampu umeme kwenye breka kila siku. Kompresa inayowashwa na kuzimwa ovyo inachakaa mapema. Iongoze kwa thamostati yake, au kwa viunganishi vya kupokea amri ambavyo pampu nyingi za sasa zinavyo ndani.

#13 Mpangaji Ghorofa ya Tano

Swali dogo: kuacha nyumba ishuke hakuleti ukungu ukutani?

#14 Fundi Nyaya

Inategemea unyevu. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 60 inaanza kutoa umande kwenye kitu chochote chenye nyuzi 12 kwenda chini. Sebule yako haifiki 12, lakini kona ya ukuta wa nje nyuma ya kabati inaweza kufika. Sogeza kabati mbali na ukuta kiasi cha kiganja, funika sufuria ukipika, fungua dirisha dakika tano baada ya kuoga. Usianike nguo sebuleni saa ambazo umeacha joto lishuke.

#15 Mama Pacha

Nimerudi. Taima tumeirudisha dukani, asanteni sana. Baba watoto amekaa na daftari jana usiku. Nje ilikuwa nyuzi 4. Chumba cha watoto hatukukigusa. Sebule: saa 3 usiku nyuzi 21, saa 4 nyuzi 19.9, saa 6 nyuzi 18.3. Tangi letu ni lita 100, elementi kilowati 2, tunaoga wote jioni. Tufanyeje?

#16 Moto wa Polepole

Dada, mmepima vizuri. Baada ya saa ya kwanza mnapoteza nyuzi 0.8 kwa saa, na nje hata haikuwa baridi sana. Nyumba yenu ghala lake ni dogo. Sebule msiizime zaidi ya saa moja wakati wa kilele, na kabla ya hiyo saa ipandisheni nyuzi moja. Ipiteni pia sebule kwa mkono uliolowa maji, kando ya fremu za madirisha na chini ya mlango. Mahali mkono unapohisi upepo, zibeni. Kisha pimeni tena usiku unaofanana na huu.

Nguvu yenu iko kwenye tangi. Kutoka nyuzi 20 hadi 60 lita 100 zinataka karibu uniti 4.6, elementi yenu itatumia kama saa mbili na dakika ishirini. Fundi Nyaya awaelekeze kontakta. Ianze saa 8 na dakika 20 mchana, itakuwa imemaliza kabla ya saa 11 jioni, mkioga saa 1 maji bado ni ya moto kabisa. Kama watoto wanaogeshwa tena asubuhi, ongezeni saa moja usiku wa manane, tena si saa 6 kamili. Wekeni saa 6 na dakika 47.